Uso wa Jirani kwa Bei ya Mayai Mawili

Nimedhulumiwa na watu wengi katika kazi ya picha, lakini karibu wote nilikuwa nakujua kwao. Bwana harusi mmoja alikataa kuchukua albamu yake kwa hoja kwamba ndoa ilikuwa imekwisha kabla picha hazijatoka. Nilimfuata mpaka mwalo wa Katonga, nikamkuta anapima dagaa, nikaondoka na ndoo mbili na matusi kidogo. Wakala wa picha wa mtandaoni hana Katonga. Hana mlango wa kugonga wala mama wa kumshitakia. Ana barua pepe inayojibu yenyewe kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ndiyo iliyonitoa mdomoni maneno ambayo mama yangu aliapa hakunilea nayo.

Studio yangu ilikuwa Mwanga, Kigoma mjini, hatua chache kutoka sokoni: chumba kimoja, feni moja, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala wenye macho ya binadamu. Nilikuwa mwanamke pekee mwenye studio mtaani, na hilo liliniletea wateja wa aina mbili. Kulikuwa na mabinti waliotaka picha za pasipoti bila kuinuliwa kidevu na mwanamume, na kulikuwa na wanaume waliotaka kuniinua kidevu mimi. Wote walilipa, na wa aina ya pili niliwatoza zaidi.

Mwaka ambao Warundi walivuka kwa wingi, mji ulijaa watu waliokimbia na watu waliokuja kuwatazama waliokimbia. Hawa wa pili ndio waliojaza gesti na kupandisha bei ya kuku. Mmoja wao, mpiga picha wa Kizungu mwenye ndevu nyingi na tumbo lililogombana na maji yetu, aliingia studio kuchaji betri zake. Alipokuwa akisubiri alizitazama picha zangu ukutani, akaniuliza naziuza wapi. Nikamwambia naziuza kwa wenyewe. Alicheka, kisha akanionyesha kwenye simu yake tovuti ya wakala. Unapandisha picha zako, mnunuzi wa popote duniani anachagua, wakala anakata chake, na wewe unapata chako bila kuinuka kwenye kiti. Alisema kweli kwa sehemu kubwa. Kwenye kiti sikuinuka, na dunia ilinunua.

Lazima nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa geni kwetu. Kigoma, biashara ya picha ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: picha ya mtu anainunua mwenyewe. Unampiga leo, unasafisha kesho, keshokutwa unamfuata nayo alipo. Anajitazama, analalamika kwamba umemfanya mweusi, anaomba apunguziwe, analipa. Asipoichukua unaiweka dirishani kichwa chini, na baada ya siku tatu shangazi yake anakuja kuikomboa kwa aibu. Haikuwahi kutokea hata mara moja mtu akaingia studio akataka kununua sura ya mtu asiyemjua. Angethubutu, tungemdhania mchawi, tena mchawi asiye na haya, wa mchana.

Kwenye kibaraza cha studio hiyo alikaa mwanamke fundi cherehani. Alikuwa Mrundi. Naliandika waziwazi sasa kwa sababu miaka ile sikulitamka neno hilo hata kwa kunong'ona. Alikuwa amevuka na wenzake, akapelekwa kambini, akakaa huko miezi mitatu akipanga foleni: ya maji, ya unga, na ya kuulizia foleni ya unga itakuwa lini. Siku aliyopewa kibali cha kuja hospitali mjini alitibiwa, akashukuru, na hakurudi. Sheria ilitaka mkimbizi akae kambini. Yeye alitaka kukaa nyuma ya cherehani.

Alikodi kibaraza kwangu. Akanunua cherehani kuukuu ya kukanyaga kwa malipo ya kidogokidogo, na kwa yeyote aliyeuliza alisema yeye ni Muha wa Kalinzi. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo uongo huo ulimkaa vizuri. Akiteleza kwenye neno fulani mimi nilidakia: watu wa milimani hao, wanasema wanavyotaka. Sote wawili tulijua kwamba akikamatwa angerudishwa kambini, na cherehani ingeishia mikononi mwa sijui nani. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, nalo ni kubaki pale akikanyaga.

Nilijiona mtu mwema sana. Babu yangu alivuka ziwa hili hili akitoka Kongo, akaoa Ujiji, akafa akiwa mwenyeji kuliko wenyeji, na hakuna aliyewahi kumuuliza karatasi wala kumpiga picha. Nilisema moyoni kwamba namlipia babu deni lake. Kodi ya kibaraza niliendelea kuichukua kila tarehe mosi.

Picha yenyewe niliipiga asubuhi ya kawaida kabisa. Mteja wetu mmoja, mama muuza mawese, mwili umejaa, alikuwa amelazimisha ashonewe gauni kwa vipimo vya binti yake. Siku ya kulijaribu akakwama ndani yake, mikono juu, kichwa hakionekani, akituapia kwa sauti iliyotoka kifuani mwa gauni kwamba kitambaa kimerudi. Fundi aliegemea cherehani akacheka mpaka machozi, uzi bado uko mdomoni. Kamera ilikuwa mkononi mwangu na jua la asubuhi lilikuwa linaingia kutoka upande wa soko. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu kazi kubwa ilifanywa na mama wa mawese.

Wakala alikuwa na masharti. Kila uso unaotambulika ulitakiwa kuwa na fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mwenye uso. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Nilimpelekea fundi pamoja na kalamu.

"Ni ya nini hii, jirani?"

"Ya kuweka picha yako dirishani. Studio za kisasa ndivyo zinavyofanya."

"Isiwe kichwa chini tu," akasema, akasaini huku mguu ukiendelea kukanyaga.

Baada ya fomu wakala alitaka maneno ya kutafutia, yale ambayo mnunuzi akiyaandika picha yako inajitokeza mbele yake. Kwa mambo haya tulimtegemea mwalimu mmoja wa sekondari aliyepiga picha za harusi mwisho wa wiki, na ambaye Kiingereza chake kiliwatosha wapiga picha wote wa mjini. Mwalimu alikuwa ameshafanya utafiti wake. Picha ikiitwa mwanamke anashona, alisema, inalala. Ikiitwa matumaini, au ujasiri, au umaskini, inaamka. Na mwaka huu neno linalokwenda kuliko yote ni mkimbizi. Alisema hivyo kwa jumla tu. Yeye naye alimjua fundi kama Muha wa Kalinzi.

Nilikaa na neno hilo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha nikaliandika. Sina kisingizio. Nilijiambia kwamba watakaoliona wako Ulaya, na Ulaya hakuna mtu atakayepanda ndege kuja kumkamata fundi wa Mwanga. Kichwani mwangu mtandao ulikuwa mahali, kama Kalemie, huko ng'ambo ya ziwa. Kitu kikishapelekwa huko hakirudi bila kupita bandarini, na bandarini kuna watu ninaowajua.

Picha ilinunuliwa wiki ya kwanza. Nilipoona taarifa niliruka mpaka nikagonga feni, kisha nikafungua kuona bei. Mnunuzi alilipa dola moja na nusu. Katika kila mia wakala alichukua themanini, na mimi nikaachiwa senti thelathini za Kimarekani. Kwa bei ya siku ile zilikuwa shilingi mia sita na kitu, sawa na mayai mawili. Nilidhani ni makosa, nikasubiri yasahihishwe. Ikanunuliwa tena, mayai mawili mengine. Ikaendelea hivyo. Uso wa jirani yangu ulizunguka dunia ukiuza sabuni, bima, na mafunzo ya ujasiriamali, na mimi nilikuwa na mayai ya kutosha keki ya harusi ambayo nisingeweza kuionja, maana wakala hatoi hela mpaka zifike dola mia moja.

Sikuwa peke yangu katika kuibiwa. Tulikuwa wapiga picha wanane tuliojiunga, na kila Jumamosi tulikutana kwenye mgahawa mmoja wa chai nyuma ya soko kwa ajili ya kulaani. Mkubwa wetu alikuwa mzee wa Ujiji aliyeanza kazi enzi za filamu, na ambaye bado alihesabu picha thelathini na sita kisha akashusha kamera, kana kwamba filamu imeisha. Mzee hakupenda kuelezwa mambo ya asilimia.

"Nielezeni kwa samaki," alisema.

Mwalimu akamweleza. Umevua migebuka kumi, mzee wangu, umeipeleka sokoni. Mwenye meza anachukua minane.

"Na mtumbwi ni wake?"

"Ni wako, mzee."

"Wavu?"

"Wako."

"Mafuta ya injini?"

"Yako yote."

Mzee alimaliza chai yake kwanza. "Basi huyo siyo dalali," akasema. "Huyo ni mamba."

Mwalimu aliandika barua kwa niaba yetu. Iliandikwa kama barua za serikali, na kumbukumbu namba, na Yahusu, na aya nne zilizoanza na Kwa heshima na taadhima. Tuliisikiliza ikisomwa kwa tafsiri, tukapiga makofi, ikatumwa. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Lilisema asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu ya wabunifu, maoni yako ni ya thamani kwetu. Mzee akataka kujua kama hiyo familia ina urithi. Mwezi uliofuata familia ilitutangazia kwamba, ili kutuhudumia vizuri zaidi, fungu letu litashuka kutoka ishirini mpaka kumi na tano.

Siku hiyo hatukulaani. Hilo lilinitisha. Watu wanane waliozoea kugombana na wazazi wa maharusi, na walevi, na askari wanaotaka picha bure, walikaa wakitazama meza. Mtu akikuibia uso kwa uso unaweza angalau kumkumbuka. Huyu alituibia kwa tangazo lenye picha ya watu wanaocheka, na mwalimu alikuwa karibu kuapa kwamba hata picha ile walikuwa wamempunja aliyeipiga.

Ndipo mzee akaleta dawa ya Katonga. Pale Katonga, wafanyabiashara wa mbali wakija na bei ya kejeli, akina mama wa dagaa hawabishani nao. Wanafunika beseni zao kwa khanga, wanageuza ndoo, wanakaa, wanaanza kusukana nywele. Hauzi hata mmoja. Lori linasubiri, dereva anapiga honi, jua linapanda, na ikifika saa sita bei inakuwa imepata akili.

"Nasi tufunike," mzee alisema.

Mwalimu alijaribu kumweleza kwamba lori likitaka dagaa wa Katonga, dagaa ni hao hao, ila kwa wakala kuna picha mamilioni kutoka kila pembe ya dunia. Tukifunika sisi wanane, nani atajua?

"Mungu," akasema mzee, na hapo majadiliano yakafungwa. Ilikubaliwa kwamba Ijumaa baada ya swala kila mtu afute picha zake zote. Nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu, tena juu.

Ijumaa ikafika, nikafuta. Nilifuta mitumbwi, migomba ya Kalinzi, watoto wa shule, mbuzi juu ya kaburi. Picha kumi na tisa ambazo hazikuwahi kununuliwa na kiumbe yeyote, mbuzi wakiwemo. Ile ya fundi nikaiacha. Nilikuwa nimefika dola themanini na saba. Nilijiambia nikifika mia nitaifuta na hiyo, kisha nimpe fundi nusu. Hilo la nusu nililiongeza baadaye kidogo, dhamiri ilipoanza kunidai.

Wakala hakushituka. Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala, na sisi hatukuwa hata mlango. Baada ya wiki mbili mzee alimwomba mwalimu amwangalizie kama bei imepata akili. Mwalimu akafungua tovuti pale mgahawani, akaandika Kigoma, na kwenye skrini ikatokea picha moja tu: fundi anacheka na uzi mdomoni.

Mzee akasema kikulacho ki nguoni mwako, polepole, kama anayesoma bango.

Nilikasirika. Aliyekamatwa huwa anakasirika haraka kuliko aliyeibiwa. Niliwaambia kwamba wao walifunika mabeseni matupu, kwamba ni rahisi kugoma na picha ambazo hata mama zao wasingenunua, kwamba mimi ndiye pekee niliyekuwa na cha kupoteza. Mwalimu alikuwa bado anasoma maneno yaliyoandikwa chini ya picha.

"Mkimbizi," alisema, akacheka. "Dada, wewe ni mwongo wa kiwango cha juu. Umemuuza Muha kama mkimbizi."

Nikacheka naye. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kicheko kile.

Mzee hakucheka. "Huyo si jirani yako pale kibarazani? Anajua yuko humu?"

"Anajua," nikasema. "Alisaini mwenyewe."

Jumatano moja, miaka miwili tangu fundi akae pale, mabango yakabandikwa. Wakati huo upepo ulikuwa umegeuka, na wakubwa wa pande zote walikuwa wakiwahimiza Warundi warudi kwao. Shirika moja lilihitaji uso wa mwanamke mkimbizi mwenye furaha. Liliandika maneno yake kwenye mtandao, likatafuta, likapata, likalipa dola moja na nusu kama wengine wote. Kama picha ile ingekuwa ghali, huenda wangetuma mtu na kamera kambini. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Tulipiga kelele miaka miwili kwamba bei ndogo inatuumiza sisi wapiga picha, na hakuna aliyefikiri kwamba kitu cha bei ndogo kila mtu anaweza kukichukua.

Bango lilikuwa kubwa kama mlango. Lilibandikwa kwenye ukuta wa soko, kwenye kituo cha mabasi, na kwenye nguzo mbili njiani. Fundi alikuwa anacheka, meno yote nje, na chini ya kidevu chake kwa herufi nyekundu, kwa Kirundi na Kiswahili, iliandikwa: NIMEAMUA KURUDI NYUMBANI.

Wa kwanza kufika kibarazani alikuwa mama wa mawese.

"Fundi, naomba kitenge changu."

"Kesho, mama. Bado mikono."

"Kesho utakuwa umeshapanda basi. Nipe hivyo hivyo, nitavaa bila mikono."

Fundi alidhani ni utani. Kisha akaja mwenye sare za kwaya, akaja mwenye mashuka, akaja bi harusi mtarajiwa na mama yake na shangazi wawili. Kufikia saa tano kibaraza kilijaa watu wakidai nguo zao kabla fundi hajaondoka nazo, kila mtu akimlaumu kwa upole kwamba uamuzi mkubwa kama huo angeaga kwanza. Wengine walimpa pole, wengine hongera. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini alisema yeye ni wa Kalinzi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nikaelewa polepole kwamba walijua siku zote. Mtaa mzima ulijua na uliamua kutojua, kwa sababu alishona vizuri na hakuwa na maneno.

Fundi akaweka mkasi chini, akaenda kutazama ukuta. Alirudi baada ya muda, akakaa, akamalizia pindo lililokuwa kwenye sindano. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, akianza na 'hivi' ya Kirundi.

"Mbega, jirani, haya maneno niliyasema lini mimi?"

Niliingia ndani nikajifanya natafuta kitu.

Alasiri alikuja mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee wa Kiha mwenye suruali mbili za suti, moja ikiwa kwa fundi siku hiyo. Tulimwamkia shikamoo, akaitika. Alichukua suruali, akaikagua pindo, akalipa, akaikunja vizuri chini ya kwapa. Hapo ndipo alipozungumza.

"Mwanangu, mimi macho yangu mabaya. Miaka miwili nimepita hapa, sikuona kitu. Sasa wamekuweka ukutani mkubwa hivi, nami napita pale mara tano kwa siku kwenda msikitini. Nikisema sikuona, wataniuliza naswali wapi." Alimtazama fundi kwa huruma kabisa. "Jumatatu nitalazimika kuandika. Leo ni Jumatano."

"Ego, mzee," fundi akaitikia kwa Kirundi. "Nimeelewa."

Sote tulielewa. Anayejipeleka mwenyewe kambini anaingia na mizigo yake kama mtu aliyechelewa safari. Anayekuja kuchukuliwa anaondoka na nguo alizovaa.

Nilifanya niliyoweza, yaani upuuzi. Nilifuta picha. Nikamwandikia wakala nikieleza kila kitu, safari hii kwa Kiingereza changu mwenyewe kibovu, nikiomba picha irudishwe kutoka kwa walioinunua. Jibu lilikuja haraka: leseni zilizokwisha kuuzwa hazirudi, na kwa kuwa sasa akaunti yangu haina picha hata moja, imefungwa pamoja na salio lake, dola tisini na sita. Walinishukuru kwa kuwa sehemu ya familia. Asubuhi yake nilichukua ndoo ya maji na kisu, nikaenda kubandua mabango mbele ya watu. Nilimaliza matatu na kucha zangu zote. Yalikuwa yamegandishwa barabara. Walichookoa kwenye picha walikitumia kwenye gundi. Ijumaa yalikuwa yamebandikwa mengine.

Jumamosi asubuhi fundi alikodi guta la matairi matatu limpeleke kituo cha mabasi. Alikuwa amemaliza nguo zote. Watu walikuwa wamelipa, hata wale wadaiwa wa tangu Idi. Mama wa mawese aliacha chupa ya mafuta akaondoka haraka akijipangusa uso kwa mkono. Tulishika cherehani huku na huku, tukaipandisha kwenye guta, na fundi akaanza kuifunga kamba. Alinishukuru kwa kibaraza. Hapo ndipo nikamwambia. Nisingeweza kuvumilia shukrani ile. Nilimwambia fomu ilikuwa ya nini, nilimwambia kuhusu wakala, na nilimwambia ni neno gani nililoliandika chini ya uso wake nikijua ninachokifanya.

Alisikiliza huku akivuta kamba. Alifunga fundo, akalijaribu.

"Uliuza bei gani?"

"Hii ya ukutani? Mia tano."

"Laki tano."

"Mia tano. Shilingi."

Alidhani namficha. Akaniambia hataki mgao, nisimdanganye siku ya kuagana. Nikafungua simu, nikamtafutia ile taarifa ya mauzo niliyokuwa nimeihifadhi, nikamwonyesha na hesabu ya kuigeuza shilingi. Aliishika simu kwa mikono miwili akaitazama kwa muda mrefu. Nilisubiri matusi. Niliyataka. Lakini uso wake ulikuwa ule wa siku zote alipopigania bei ya uzi na wauza vitambaa wa soko la Mwanga, uso wa mtu wa biashara aliyefika mali imeshachukuliwa.

"Mia tano," akasema, akanirudishia simu. "Na mimi nilikuwa hapo nje, jirani. Ungekuja kwangu, ningekupa elfu."